Guangzhou haikuwa ya mzigo tu

Wadau, ukitaja Guangzhou wengi tunawaza mzigo: nguo, simu, kontena. Ila kuna watu walikuwa wanaenda kule kufuata mtoto.

Sheria ya China ya kuasili watoto ilianza kazi mwaka 1992. Enzi hizo sera ya mtoto mmoja ilikuwa imebana, na wengi walioachwa walikuwa mabinti. Mmarekani akishakabidhiwa mtoto, hata kama ni jimbo la mbali, lazima apitie Guangzhou, maana viza ya mtoto ilitolewa na ubalozi wao mdogo wa pale. Wengi walifikia kisiwa cha Shamian, hoteli ya White Swan.

Wakisubiri karatasi, wanazurura. Wanaangalia majengo ya zamani ya Waingereza na Wafaransa, wanaingia madukani. Wananunua vigauni vya hariri, mihuri ya majina, na vile viatu vinavyolia mtoto akikanyaga. Wengine walibeba zawadi za birthday za miaka kibao mbele, ili binti akikua awe na kitu cha kwao. Halafu picha kwenye kochi jekundu la hoteli, safari imeisha.

Septemba 2024 China ikatangaza kwamba mpango umefungwa, labda uwe na undugu na mtoto. Zaidi ya watoto 80,000 walishaenda Marekani. Wengi sasa ni watu wazima, na baadhi wanarudi kutafuta waliowazaa. Kigauni wanacho, picha wanayo. Jina la mama ndo halikuuzwa duka lolote.

Ungekuwa wewe, ungerudi kumtafuta?