Delosperma, ua linalotandaza zulia la zambarau panapokosekana maji

Maji yanapoadimika, bustani ya maua ndiyo huachwa kwanza. Mgao wa maji ulioanza jijini Nairobi mnamo Januari 2017, baada ya kina cha bwawa la Ndakaini kupungua, uliwafunza wengi kwamba ukoka wa kijani mbele ya nyumba ni anasa inayolipiwa kwa mtungi. Hesabu yake si ngumu. Kanuni inayofuatwa na watunzaji wengi wa bustani ni kwamba ukoka huhitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki wakati wa kiangazi. Kwa kiwanja cha mita 50 za mraba, hizo ni lita 1,250, yaani zaidi ya mitungi 62 ya lita 20, wiki baada ya wiki. Familia inayonunua maji kwa mkokoteni haiwezi kuimudu gharama hiyo, wala haina sababu ya kujaribu.

Hata hivyo, kuuacha uwanja ukiwa mtupu nako kuna hasara zake. Jua huukausha udongo ukawa vumbi linaloingia hadi sebuleni, na mvua ya kwanza ya masika inaponyesha huukokota udongo huo hadi mtaroni. Ndipo mimea inayotambaa na kuhifadhi maji katika majani yake inapokuwa na manufaa. Mmoja wa mimea hiyo, ambao pia hupendeza sana macho, ni delosperma.

Delosperma ni wa ukoo wa Aizoaceae, ukoo ambao mimea yake mingi huishi kusini mwa Afrika. Wazungu huiita mimea hii kwa jina linalohusiana na barafu, jambo linaloweza kumshangaza mtu anayeiona ikistawi juani. Jina hilo halitokani na baridi. Ngozi ya majani ya baadhi yake ina viputo vidogo mno vilivyojaa maji, na mwanga unapoviangukia humetameta kana kwamba jani limenyunyiziwa chembe za barafu. Jina la kitaalamu la delosperma linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mbegu iliyo dhahiri, kwa kuwa vyumba vya tunda lake havina kifuniko kamili cha kuzificha mbegu. Lilitungwa mwaka 1925 na N. E. Brown, mtaalamu wa mimea wa Uingereza aliyefanya kazi miaka mingi katika bustani ya Kew.

Aina inayopandwa zaidi duniani ni Delosperma cooperi, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Lesotho na sehemu za Afrika Kusini zinazopakana nazo. Ilipewa jina la Thomas Cooper, Mwingereza aliyekusanya mimea huko kati ya mwaka 1859 na 1862. Cooper huyo baadaye alikuja kuwa baba mkwe wa Brown, kwa hivyo aliyetunga jina delosperma na anayekumbukwa katika jina cooperi walikuwa watu wa nyumba moja bila wengi kujua.

Siri ya mmea huu kustahimili ukame imo katika saa zake za kazi. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na kupitia vitundu hivyo hivyo maji mengi hupotea kwa joto la jua. Delosperma na jamaa zake, hasa wakati wa kiu, huweza kuvifungua usiku. Hewa hiyo huhifadhiwa ndani ya jani kama asidi, kisha mchana, vitundu vikiwa vimefungwa, jani huitumia kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua. Benjamin Heyne, katika barua iliyochapishwa mwaka 1815, alieleza jinsi jani la mmea mwingine nene aliouona India lilivyokuwa chachu asubuhi na kupoteza uchachu huo mchana ulipoendelea. Wakati huo sababu haikujulikana. Leo inafundishwa shuleni. Mmea unaojibana namna hii hauwezi kukua kwa pupa, na anayeupanda hana budi kuwa na subira.

Mnunuzi na awe macho kwenye kitalu cha kando ya barabara, kwa kuwa mimea mitatu tofauti huweza kuuzwa kwa jina moja, au bila jina kabisa. Delosperma cooperi ina majani membamba ya mviringo, yenye urefu wa sentimita tatu hadi tano, yanayoota mawili mawili yakitazamana. Ua lake lina upana wa sentimita nne au tano, rangi ya zambarau inayoelekea waridi, na kitovu cheupe. Kile kinachoonekana kama petali nyembamba nyingi, kwa hakika, ni stameni zilizogeuka umbo.

Wa pili ni Mesembryanthemum cordifolium, ambao vitabu vya zamani huuita Aptenia. Huu una majani bapa yenye umbo la moyo na maua madogo mekundu. Hustawi haraka kuliko delosperma na hustahimili kivuli kidogo, lakini maua yake hayana fahari ile. Wa tatu ni Portulaca grandiflora kutoka Amerika Kusini, ambao ua lake lina petali pana na huja kwa rangi nyingi: nyekundu, njano, nyeupe na chungwa. Huu ni jamaa wa karibu wa gugu lile la mashambani ambalo baadhi ya Waswahili huliita tako la hasani. Ni mmea mzuri, ila maisha yake ni mafupi. Anayetaka zulia la kudumu miaka kadhaa hatalipata kwa portulaca, isipokuwa mbegu zake zinazoanguka zichipuke upya.

Baada ya kuutambua mmea, jambo la kwanza ni jua. Delosperma huhitaji jua kali la saa sita au zaidi kwa siku. Maua yake hufunguka jua linapopanda na kujifunga jioni. Si ajabu kwamba jina Mesembryanthemum, lililowahi kutumiwa kwa mimea mingi ya ukoo huu, asili yake ilikuwa na maana ya ua la adhuhuri. Siku ya mawingu maua hubaki yamefumba. Mkazi wa Nairobi au Limuru anayepanda mwezi wa Julai, anga ikiwa imefunikwa wiki nzima, asidhani ameuziwa mmea mbovu. Asubiri Septemba. Kwa upande mwingine, baridi yenyewe haiudhuru: huko kwao Lesotho theluji huanguka, kwa hivyo umande unaoganda wa Nyahururu hauutishi.

Jambo la pili ndilo linaloua mimea hii kuliko ukame, wadudu na mbuzi kwa pamoja, nalo ni maji yaliyotuama. Mizizi ya delosperma haiwezi kukaa ndani ya tope. Katika udongo mwekundu wa milimani ulio na mteremko hakuna shida kubwa. Tatizo huwa kwenye udongo mweusi unaonata, kama ule wa Athi River na sehemu nyingi za mashariki mwa Nairobi, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kugeuka ugali wakati wa mvua. Kuuchimba shimo udongo huo na kulijaza mchanga si suluhisho, kwa sababu shimo hilo hugeuka karai la kukusanyia maji. Njia bora ni kuinua tuta la sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi, likiwa na mchanganyiko wa udongo wa kawaida, mchanga wa mtoni na changarawe, kisha kuliinamisha kidogo upande mmoja ili maji yapate pa kwenda. Anayeshindwa na gharama hiyo anaweza kutumia ukingo wa ukuta wa mawe, au kontena kuukuu lenye matundu chini.

Samadi haihitajiki. Ushauri huu huwakera wakulima waliozoea kwamba kila kitu hustawi kwa samadi, lakini mbolea nyingi huufanya mmea huu utoe majani laini yanayooza upesi na maua machache. Konzi chache za mboji zilizochanganywa na udongo wakati wa kupanda zinatosha kwa miaka.

Kabla ya kupanda, magugu yang'olewe na mizizi yake yote. Hapa hapana njia ya mkato. Delosperma haizidi sentimita 15 kwa kimo, na ndago au nyasi za Kikuyu zikipenya katikati yake haziwezi kung'olewa tena bila kuling'oa zulia lenyewe. Ni heri kuulima uwanja, kuuacha wiki tatu ndago zilizosalia zichipuke, kisha kuulima tena. Waliopuuza hatua hii hujikuta miezi sita baadaye wakichokonoa nyasi moja moja kwa kisu.

Upanzi wenyewe ni rahisi na haugharimu mengi, kwa kuwa mche mmoja huzaa mingine. Pingili zenye urefu wa sentimita tano hadi kumi hukatwa kwenye ncha zisizo na maua, na majani ya chini huondolewa. Kisha huachwa kivulini siku moja au mbili hadi kidonda kikauke. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kumaliza kazi, nao ndio hulalamika kwamba pingili zao zilioza. Pingili iliyokauka kidonda huchomekwa katika mchanga wenye unyevu mdogo, na baada ya wiki mbili au tatu huwa na mizizi. Huhamishwa hadi kwenye tuta na kupandwa kwa umbali wa sentimita 30 hadi 45. Mmea mmoja huweza kutambaa hadi nusu mita, hivyo nafasi hizo hufunikwa zote baada ya muda. Kutumia mbegu pia kunawezekana, lakini ni ndogo kama vumbi, hazipaswi kufukiwa, na miche yake huchelewa.

Kwa wenye udongo unaopitisha maji, wakati mzuri ni mwanzo wa mvua ya vuli, ili mizizi iwe imeshika kabla ya ukavu wa Januari na Februari. Wenye udongo unaonata wangoje mvua ziishe.

Umwagiliaji huhitajika katika mwezi wa kwanza au wa pili pekee, mara moja kwa wiki. Baada ya hapo mmea wenyewe hutoa habari. Majani yaliyojaa na kung'aa yana akiba. Yakianza kukunjamana kama vidole vilivyokaa sana majini, maji yanahitajika. Majani yakigeuka manjano na kuwa laini, mwagiliaji amezidisha. Mtungi mmoja wa lita 20 ukigawanywa sawasawa juu ya mita kumi za mraba ni sawa na milimita mbili tu za mvua, kwa hivyo ni afadhali kumwagilia kikamilifu kwa nadra kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni. Maji yaliyotumika kuoshea mboga yanafaa. Ya kufulia yenye sabuni nyingi yaachwe.

Wadudu si wengi. Wale weupe wanaofanana na pamba hujificha kwenye maungio ya mashina na huweza kufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Konokono waokotwe asubuhi. Kuku ni adui zaidi. Zulia hili, aidha, si la kukanyagwa: majani yake yamejaa maji na hupasuka chini ya kiatu. Pale watoto wanapochezea mpira pabaki na nyasi. Baada ya takriban miaka mitatu, katikati ya mmea huweza kuwa upara wa mashina makavu, na hapo pingili mpya huchomekwa kuziba pengo.

Liko onyo moja kuhusu jamaa wa delosperma. Carpobrotus edulis, mmea mnene wa Afrika Kusini wenye maua ya njano, ulipandwa California mwanzoni mwa karne ya 20 kushikilia udongo wa kando ya reli, na baadaye barabara kuu. Uliponyoka, ukatambaa juu ya matuta ya mchanga ya pwani na kuisonga mimea ya asili. Mmea usiohitaji utunzaji ni mmea usiohitaji ruhusa pia. Kwa sababu hiyo, mapogoleo yasitupwe kwenye vichaka au kingo za mito, kwa kuwa kila kipande ni mche.

Kenya ina delosperma zake. Delosperma nakurense, ambayo jina lake limetokana na Nakuru, huota kwa asili nchini na katika nchi jirani ya Tanzania, lakini ni nadra kuiona bustanini. Inasikitisha kwamba mmea uliobeba jina la mji wa Kenya katika vitabu vya wataalamu hautafutwi na wanaopamba nyumba za mji huo.

Wakazi wa Pwani wana hali tofauti. Unyevu wa hewa wa Mombasa au Lamu hauipendezi sana Delosperma cooperi, na wengi huona afadhali kupanda portulaca. Lakini kwa kiwanja kilicho karibu na bahari, ambako kisima hutoa maji ya chumvi, mmea ufaao zaidi ni Sesuvium portulacastrum, wa ukoo huo huo wa Aizoaceae. Huota wenyewe mchangani juu ya kikomo cha maji kujaa na kandokando ya mikoko, una majani manene na maua madogo ya waridi, na mizizi yake huushikilia mchanga usichukuliwe na upepo. Ndiyo sababu haufai kung'olewa ufuoni. Pingili chache zilizokatwa kwenye ncha zinatosha kuanzisha kitalu, na maji ya kisima hicho hicho chenye chumvi yatazimwagilia.