Haba na Haba katika Tope la Mara

Wahenga waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba, walikuwa wakimsifu mwekevu. Karibu na kinywa cha Mto Mara methali hiyo ina maana ya pili, nayo haina sifa ndani yake.

Mto huo, wenye urefu wa kilomita 395, huanzia katika safu za Mau nchini Kenya, hukata mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha hupita mpakani mwa wilaya za Tarime na Serengeti. Kabla ya kufika Ziwa Victoria karibu na Musoma, huingia katika kinamasi kipana cha mafunjo. Hapo maji hupunguza mwendo, na kila yalichobeba hutuama. Wataalamu waliotoa nguzo za tope katika kinamasi hicho wamesoma humo habari za takriban miaka 2000, wakaona kuwa tangu miaka ya 1960 tope limeongezeka kwa kasi isiyo na kifani.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyobadilisha vyombo vya watu. Wakurya, Wangoreme na Waikoma walichota maji kwa mitungi na vibuyu. Wavuvi wa ziwani walitega migono ya matete. Vyote hivyo vilikuwa na ajali yao: vilivunjika, vikaoza, vikarudi udongoni. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928, ikifungua njia ya bidhaa zilizoshuka katika bandari za pwani. Nyavu za kitani ziliingia ziwani mwaka 1905. Katika miaka ya 1950 zikaja za nailoni. Yakafuata madumu, ndala, na mifuko ile iliyoitwa rambo.

Plastiki haiozi. Jua huikausha, mawimbi huisaga, hata ikawa chembe zisizofika milimita 5. Chembe hizo hushikwa na ukungu wa majini, zikawa nzito, zikazama pamoja na tope. Mwaka 2013 wachunguzi walinunua sangara na sato katika soko la Mwanza. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kuwa katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alikuwa amemeza plastiki.

Zanzibar ilianza kuipiga vita mifuko hiyo mwaka 2006, na Tanzania Bara ikaipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo ni za heri, lakini hukomesha kijacho tu. Kilichokwisha kuzama hazikifikii.

Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo. Wapo waliokubali, wapo waliokataa. Maji yaliyobishaniwa yalikwisha kwenda zake, yakielekea ziwani, na kutoka ziwani Mto Nile. Tope halikwenda popote.

Mtu wa pwani anayeijua mikoko anaijua pia kazi ya mafunjo: kuchuja, na kuhifadhi kilichochujwa. Katika kinamasi cha Mara huishi kamongo, samaki ambaye maji yakikauka hujichimbia topeni na kungoja mvua. Leo tope analolalia si lile la babu zake, na watoto wa kandokando ya mto bado humla.