Rosa, Charles na Kipimo cha Kant: Nani Alimtumia Mwenzake?

Utangulizi

Wahusika wachache wa riwaya ya Kiswahili wamehukumiwa mara nyingi kama Rosa wa Rosa Mistika. Tangu Euphrase Kezilahabi alipoitoa riwaya hiyo mwaka 1971, binti huyu wa Ukerewe amepandishwa kizimbani na kila mtu: mwalimu wa fasihi, mtahiniwa wa kidato cha sita, hata mzazi aliyesikia tu habari za kitabu bila kukifungua. Na hukumu karibu zote huishia mahali pamoja. Rosa alipotoka, Rosa alimficha mchumba wake, Rosa alivuna alichopanda. Basi, kesi imekwisha.

Makala haya yanakusudia kuifungua upya kesi hiyo kwa kutumia kipimo cha mwanafalsafa Immanuel Kant. Swali ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: katika mapenzi ya Rosa na Charles, nani alikuwa mwaminifu, na nani alimtumia mwenzake? Hoja yangu ni kwamba kipimo cha Kant kinatufaa sana, lakini Kant mwenyewe alipoletewa kesi ya binti wa kweli iliyofanana na ya Rosa, alikitumia nusu tu. Sisi wahakiki wa leo tunaendelea na nusu ileile.

Kipimo chenyewe

Kant aliishi na kufa Königsberg, mji ambao leo uko Urusi na unaitwa Kaliningrad. Mwaka 1785 alitoa kitabu chake kidogo kuhusu misingi ya maadili. Kwa maneno yetu ya kawaida, anatuachia maswali mawili. La kwanza: kanuni unayoifuata katika tendo lako, je, ungekubali ifuatwe na watu wote, wewe ukiwemo? La pili: je, unamtendea mwenzako kama mtu mwenye thamani yake mwenyewe, au unamfanya chombo tu cha kufikia haja zako?

Kwa Kiswahili swali hili la pili halihitaji tafsiri ndefu, maana tuna neno utu. Kumtumia mtu ni kumvua utu. Angalia pia kwamba Kant hakusema tusitegemeane kabisa. Abiria anamhitaji dereva na mteja anamhitaji mama lishe. Kosa ni kumtumia mtu kama chombo tu, hasa kwa kumdanganya, kwa sababu aliyedanganywa hakupata nafasi ya kukubali au kukataa. Amechaguliwa njia bila kujua.

Kwa hiyo, kwa Kant, mlaghai wa mapenzi hatambulikani kwa maneno matamu. Anatambulika kwa jambo moja: nia yake haiwezi kusemwa wazi mbele ya mpenzi wake. Akiisema, mpango unavunjika.

Barua kutoka Klagenfurt

Sasa tuingie katika historia. Mwaka 1791 Kant alipokea barua kutoka Klagenfurt, Austria. Mwandishi alikuwa Maria von Herbert, binti wa miaka 22 hivi, umri wetu sisi tuliopo chuoni. Alikuwa amevisoma vitabu vya Kant kwa makini. Alimweleza kwamba alimpenda mtu mmoja, akamficha habari ya mapenzi yake ya zamani, kisha akaona vibaya akamwambia ukweli. Yule mtu akapoa. Urafiki ulibaki, mapenzi yakaondoka. Maria aliandika kwamba alitamani kufa, na kilichomzuia ni mafundisho ya Kant mwenyewe. Akaomba msaada.

Kant alijibu mwaka 1792. Alitofautisha kusema uongo na kutosema yote. Kutosema yote ni udhaifu wa kibinadamu unaovumilika. Uongo ni sumu inayoharibu kila maelewano. Akamwambia kwamba ikiwa majuto yake ni ya kweli, muda utayaonyesha, na mapenzi ya yule mtu yanaweza kurudi. Yasiporudi, basi yalikuwa mapenzi ya mwili zaidi kuliko ya maadili, na hayo yangekwisha tu.

Jibu hilo si baya. Lakini Maria alipoandika tena mwanzoni mwa mwaka 1793, akieleza kwamba ndani yake hakuna anachokitamani tena, Kant hakumjibu. Daktari mmoja rafiki yake, Johann Benjamin Erhard, alikuwa amemsimulia habari za binti yule. Kant akazikusanya barua, akampelekea Elisabeth Motherby, binti wa familia aliyoifahamu pale Königsberg, ziwe onyo kwake asije akapotea vile. Mwaka 1803 Maria alijiua.

Hebu tuitazame hatua ile ya kuzipeleka barua. Mtu aliyefundisha kwamba binadamu asifanywe chombo alichukua machozi ya mtu aliyemwomba msaada, akayafanya somo kwa binti mwingine. Sitaki kumtukana mzee Kant, wala kusema yeye ndiye aliyemuua Maria. Ninachosema ni kwamba kwa kipimo chake mwenyewe, hapo hakupita.

Charles na Deogratias mbele ya kipimo

Turudi Ukerewe. Rosa amelelewa na Zakaria, baba mlevi na mkali, ambaye alimpiga kwa sababu ya barua ya Charles tangu akiwa mtoto wa shule. Alikua akiwaogopa wanaume bila kuwafahamu. Alipotoka chini ya kiboko hicho hakuwa na silaha yoyote. Deogratias, bwana maendeleo, akampata, akamtumia. Baadaye, katika chuo cha ualimu Morogoro, Rosa akawa wa wengi, na mkuu wa chuo mwenyewe yumo katika hesabu.

Deogratias hatusumbui. Nia yake isingeweza kusemwa wazi. Mkuu wa chuo naye hatusumbui, maana mwenye cheo juu ya mwanafunzi hawezi kusema aliombwa ridhaa na akaipata kwa uhuru. Hawa wameanguka swali la pili asubuhi na mapema.

Charles ndiye mgumu. Wasomaji wengi humwona kijana mwaminifu: alimpenda Rosa tangu utotoni, akarudi kumchumbia, alitaka ndoa ya heshima. Hakumlaghai kwa pesa wala kwa cheo. Alipogundua kwamba Rosa si bikira, akamwacha. Eti kosa lake liko wapi? Si alidanganywa?

Hapa tulete swali la kwanza. Kanuni ya Charles ni hii: nitampenda mwenzangu mradi mwili wake haujaguswa kabla yangu. Je, yuko tayari kanuni hiyo imhukumu naye pia? Ulimwengu wa riwaya ile hauwaulizi wanaume swali hilo hata kidogo. Kanuni inayomfunga mmoja na kumwacha mwingine huru, kwa Kant si kanuni ya maadili hata kama imezeeka kiasi gani. Na imezeeka kweli. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi wa kumfunza namna ya kumtii na kumridhisha mume. Utenzi ule umejaa upendo wa mama, tusiubeze. Ila uaminifu umewekwa begani kwa mke. Miaka 113 baadaye Charles alikuwa bado anausoma mzani uleule.

Kisha swali la pili. Charles alipomwacha Rosa, aliacha nini? Kama alimpenda Rosa, Rosa alikuwa yuleyule wa jana: mwalimu, aliyeamua kubadili mwenendo. Kilichopungua ni muhuri tu, kama wa bidhaa dukani. Mtu anayerudisha mzigo kwa sababu muhuri umekatika hakuwa ameunganishwa na mtu. Kant alimwambia Maria neno hilihili kuhusu yule mpenzi wake aliyepoa. Basi Charles anahukumiwa kwa barua ya mwaka 1792.

Je, Rosa hakudanganya?

Alificha, na lazima tuseme hivyo. Mhakiki anayemsafisha Rosa kabisa naye anamvua utu, maana anamfanya kitoto kisichoweza kutenda wala kujibu. Charles alikuwa na haki ya kuamua akijua. Kwa hapo Kant yuko sawa.

Lakini ukweli una bei, na bei hupangwa na mtu. Tuseme nimekuwekea sharti kwamba ukisema kweli nakutupa. Kisha unyamaze, nami nilalamike kwamba hukuniamini. Nani aliyeua uaminifu kwanza? Kwa maoni yangu, mapenzi ya uaminifu yanadai wajibu wa pande mbili: mmoja aseme kweli, na mwingine asiifanye kweli hiyo kuwa adhabu ya kifo. Kant alimdai Maria wajibu wa kwanza. Wa pili aliugusa katika sentensi moja, akaupita. Hiyo ndiyo nusu niliyoitaja mwanzoni.

Mhakiki naye ni mpenzi mbaya

Rosa Mistika ilipotoka ilizuiwa kutumika mashuleni. Baadaye ikaruhusiwa, ikawa kitabu cha kutahiniwa. Utafikiri Rosa alipata msamaha. Wapi! Aliingia darasani akiwa onyo. Tumezoea kuuliza dhamira, ujumbe na funzo, na mwanafunzi anajua alama zinatoka wapi: Rosa anatufunza kwamba wasichana wajitunze. Charles anapita nyuma ya darasa bila kuulizwa jina. Tunafanya alichofanya Kant na barua za Maria: tunampeleka binti mmoja kwa binti mwingine awe mfano wa kutisha.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mimi natoka Mbalizi, mji mdogo magharibi mwa Mbeya, ambako barabara kuu ya Tunduma na Zambia inapita katikati ya maisha ya watu. Masemi yanasimama, madereva wanakula, wanalala, wanaondoka. Kila mtu Mbalizi anajua hadithi ya binti aliyeahidiwa kurudiwa. Ukisikiliza jinsi inavyosimuliwa sokoni, utaona dereva hana jina, hana kabila, hana gari. Jina la binti peke yake ndilo linalobaki, na linatumika kuwaonya wadogo zake. Kwenye kicheni pati atatajwa tena. Uhakiki wa aina hii tulikuwa nao kabla hatujafika chuo kikuu.

Serikali nayo ilikuwa na usomaji wake. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka kwamba msichana aliyejifungua asirudi katika shule za serikali. Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waraka wa Elimu Namba 2 ukawafungulia mlango wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata mimba. Kati ya matamko hayo mawili kuna tofauti ya namna mbili za kumsoma Rosa: kama onyo kwa wengine, au kama mtu ambaye maisha yake bado ni yake.

Hitimisho

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Katika riwaya yake, Rosa na baba yake wanafika mbele ya hukumu ya Mungu, na mtunzi hakumpa binadamu yeyote kiti hicho. Sisi tumekikalia bila kualikwa.

Sisemi tuache kuhukumu. Fasihi isiyohukumiwa ni gazeti la kufungia maandazi. Nasema tuhukumu kwa kipimo kizima. Tunapowapima wapenzi wa hadithini tuulize: nani alificha, ndiyo, lakini pia nani alifanya ukweli usisemeke? Nani alimpenda mtu, na nani alipenda muhuri? Na swali la mwisho ni letu wenyewe tunaoshika kalamu: je, huyu Rosa ninayemwandikia insha, ninamsoma, au ninamtumia?