Jina la Babu, Ukoo wa Mama

Wakati wa masika ya mwaka 1871, msafara uliotoka Bagamoyo ulihangaika na matope ya Mkata, mbuga iliyoko kati ya Morogoro na Kilosa. Bwana mkubwa wa msafara alijiita Henry Morton Stanley. Alizaliwa Wales mwaka 1841 akaitwa John Rowlands. Hilo la Stanley alilichukua Marekani, kwa mfanyabiashara wa New Orleans ambaye walioandika maisha yake wanabishana mpaka leo kama kweli aliwahi kumlea. Mkuu wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari hadi India. Vitabu vinamjua kwa jina la dini aliyoingizwa na la mji alikopelekwa.

Mmoja alijichagulia jina, mwingine alichaguliwa, na hakuna aliyepita kwa msajili. Nimeanza nao kwa sababu siku hizi kubadili jina la ukoo kunazungumzwa kama hiari tupu ya mtu na nafsi yake, na Kilosa, pamoja na Mikumi yake, ni mahali pazuri pa kulitilia shaka wazo hilo.

Kwanza utaratibu wenyewe. Sheria ya Tanzania imerithi hati ya Kiingereza ambayo mawakili wetu wanaiita didi poli: hati ya kubadili jina. Ni tamko la mtu mmoja. Unakwenda kwa wakili na vitambulisho vyako na picha ndogo, unatamka kwamba jina la zamani umeliacha moja kwa moja na kwamba kuanzia siku hiyo unataka kujulikana kwa jina jipya kazini, kwenye mikataba na kila mahali. Unasaini mbele ya kamishna wa viapo, unalipa ushuru wa stempu, kisha hati inasajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya Wizara ya Ardhi. Watu wanashangaa jina linahusianaje na ardhi, lakini ndiko daftari la nyaraka liliko. Baada ya hapo ndipo safari ya madirisha inapoanza: NIDA kwa kitambulisho cha taifa, Uhamiaji kwa mwenye pasipoti, benki, TRA kwa kodi, mfuko wa pensheni. Cheti cha Baraza la Mitihani kinabaki na jina ulilofanyia mtihani, nawe utakibeba pamoja na hati yako kila unakoomba kazi.

Kilicho kizito katika hati hiyo ni msamiati wake wa kuacha na kukana. Inamchukulia mtu kama mmiliki wa jina, mwenye uwezo wa kulitupa.

Sasa tazama fomu ya kitambulisho anayojaza Mvidunda wa Kidodi, kusini ya Mikumi, au Mkaguru wa Mamboya upande wa kaskazini. Anaandika jina lake, la baba, na penye jina la ukoo anaandika la babu mzaa baba. Watanzania wengi tunafanya hivyo. Lakini Wavidunda, Wasagara, Wakaguru na Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Maana yake ni kwamba babu mzaa baba si lazima awe wa ukoo wako. Wala si wa ukoo wa baba yako, kwa kuwa baba naye aliupata kwa mama yake. Sehemu iliyoandikwa "jina la ukoo" imejazwa jina la mtu anayeweza kuwa wa ukoo wa tatu kabisa! Fomu haikukosewa kwa makusudi. Imechorwa kwa ajili ya watu wanaofuata baba, na wengine tumejibana humo.

Waluguru wana namna yao ya kulimaliza jambo hili, nami naiona bora kuliko fomu. Mtu ana lukolo, yaani ukoo aliozaliwa nao kwa mama, na humo ndimo mlimo shamba na mahali pa kuzikwa. Juu ya hilo ana mtala, unaomtambulisha kwa upande wa baba. Hakuna kinachofuta kingine. Na jina likibadilika, linabadilika kwa kuongezewa mzigo. Huko Kinole, mashariki ya mji wa Morogoro, anayekalia kiti cha uchifu anaitwa Kingalu, kama aliyemtangulia na aliyemtangulia huyo. Kiti kinapita upande wa mama, na jina alilokuwa nalo jana halimtoshi tena. Hakujitangaza mwenyewe. Wazee walikaa, wakakubaliana, wakamvika jina ambalo hana ruhusa ya kulitupa hata likimchosha.

Ukishuka kwa watu wa kawaida utakuta jambo la aina hiyo hiyo. Mtoto analia usiku kucha, hanenepi, zahanati haioni kitu. Bibi anasema kuna marehemu anadai jina lake. Mtoto anaitwa jina jipya, pombe au uji unamwagwa, na tangu hapo shangazi yake anamwita "babu" kwa heshima zote. Kadi ya kliniki inabaki na jina la kwanza. Miaka 20 baadaye mtu huyo ana majina mawili, yote ya kweli.

Uislamu, ambao una waumini wengi Kilosa tangu enzi za misafara, unashika msimamo mkali zaidi kwa upande mwingine. Zaid, kijana aliyelelewa na Mtume, aliitwa mwana wa Muhammad mpaka ilipoteremka amri katika Sura ya Al-Ahzab kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Kwa hesabu hiyo nasaba haibadilishwi kwa mapenzi wala kwa hisani, na mke haingii jina la mume. Rais Samia Suluhu Hassan anatumia jina la baba yake hadi leo, ilhali mumewe ni Hafidh Ameir. Hata hivyo Salma Kikwete, Mwislamu pia, anajulikana nchi nzima kwa jina la mumewe. Desturi ya ofisini ina nguvu zake.

Desturi hiyo ililetwa na misheni na serikali ya kikoloni. Ubatizo wenyewe ulibadili kidogo tu: Kambarage akawa Julius mwaka 1943, na "Nyerere" likabaki jina la baba yake, Chifu Nyerere Burito. Kilichobadilika ni kizazi kilichofuata. Watoto wake nao ni kina Nyerere, na jina la mtu mmoja likawa la familia, limegandishwa na karatasi. Ndivyo yalivyopatikana majina mengi ya ukoo nchini, na mengine yamesafiri mbali na kwao. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na jirani zake, kisha miwa ya bonde la Kilombero, yalileta vibarua kutoka Songea, Njombe, Iringa na kwingineko. Kati ya 2015 na 2020 mbunge wa Mikumi alikuwa Joseph Haule, jina linalosikika zaidi nyanda za kusini. Vijana waliompigia kampeni walimwita Profesa Jay, jina lake la muziki, ambalo nadhani lilimpa kura nyingi kuliko hilo la ukoo.

Serikali nazo zimewahi kuwabadili watu majina kwa nguvu. Mwaka 1972, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mobutu aliwaamuru Wazaire waache majina ya Kikristo, na yeye mwenyewe akaacha kuwa Joseph-Désiré. Huku kwetu haikufika huko. Majina yetu yalivurugwa na shule. Kwa miaka mingi mtoto aliyefeli darasa la saba alirudishwa kwa jina la mwingine aliyeacha masomo, akafaulu, akasonga mbele hadi ualimu au uuguzi kwa jina la mtu. Wazazi walijua, walimu walijua. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, uliotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, ulifanya wengi waogope majina yao wenyewe. Kisha ukaja usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, na mpaka Januari 2020 kila mwenye laini alitakiwa awe na namba ya NIDA. Ndipo Mwajuma wa cheti cha kuzaliwa alipokutana na Mwanajuma wa cheti cha shule.

Kwa matatizo hayo watu wachache wanahitaji kuacha jina. Karatasi inayotafutwa sana ni ile nyingine, kiapo cha majina, ya ukurasa mmoja. Aya zake zina namba: mimi fulani, mtu mzima, mkazi wa Mikumi, naapa na kuthibitisha, kwamba kwenye cheti hiki naitwa hivi, kwamba kwenye kitambulisho hiki naitwa vile, kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, ndiye mimi. Chini kuna sahihi ya mwapaji, au dole gumba la wino kwa bibi asiyejua kuandika, na muhuri wa kamishna wa viapo umelalia nusu ya picha. Kiapo hakimkani mtu yeyote. Kinafunga majina mawili pamoja, kama lukolo na mtala, na ndiyo sababu bibi wa Vidunda anakielewa bila kufafanuliwa. Anayetaka jina jipya kabisa kwenye pasipoti atahitaji hati kamili, kiapo hakitamfikisha.

Jaribio gumu zaidi linakuja mtu akifa. Mahakama ya mwanzo inapofungua mirathi kwa kawaida inataka muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandikwa kwa kutazama makabila yanayofuata baba. Basi hakimu anaita majina na kuyalinganisha: marehemu na watoto wake wana jina moja la mwisho, safi. Aliyesaini kama mwenyekiti wa kikao ana jina lisilofanana na la yeyote kati yao. Hakimu mgeni, aliyetoka Mara au Kilimanjaro, anauliza huyu ni nani katika familia hii. Ni mjomba, anajibiwa, na ukoo wote uliokaa kikao ni wa kwake.