Kipepeo Aliyewadanganya Wataalamu

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango. Wataalamu wa zamani waliwatenga vipepeo kwa alama za mabawa, na wengine walikosea.

Kipepeo aitwaye Papilio dardanus hukaa katika misitu ya Afrika, hata hapa Kenya. Dume ana rangi ya manjano na nyeusi, tena ana mikia. Majike wengi hawana mikia, na sura zao ni mbalimbali, kwa kuwa huwaiga vipepeo wachungu ambao ndege hawawali. Kwa hiyo walihesabiwa kuwa aina nyingine kabisa.

Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa akikaa Cape Town, alieleza kuwa wote ni aina moja. Wakubwa wa elimu hiyo walimcheka. Lakini viwavi walitoa ushahidi. Kiwavi wa kipepeo mchungu hula mimea yenye utomvu mweupe. Kiwavi wa dardanus hula majani ya jamaa ya michungwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Natal, mayai ya jike mmoja yalilelewa, wakatoka watoto wa sura mbalimbali.

Basi, msomaji, usimpe kipepeo jina kwa kutazama bawa tu. Tazama na jani alipotaga.