Shujaa

Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, likimaanisha mtu jasiri. Walakini kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa nchini Tanzania, tarumbeta ya jeshi iliapo na umati ukanyamaza, na Amiri Jeshi Mkuu akaweka mkuki na ngao mnarani, kisha zikafuatia sime, upinde na mishale, na shoka, maana ya neno hili huwaelekea marhumu waliofia nchi. Hapa Bomani, Tarime, ambako Wakurya wengi walitumikia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na baadaye wengine wakapigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979, neno hilo lina heshima ya msiba, nami huona uchungu, wallahi, nikisikia likitupwa ovyo kwa kila mfungaji wa mabao.