Nani Mwenye Kitabu? Historia ya Umiliki wa Vitabu vya Kiswahili na Uondoaji wa Nakala Haramu Mtandaoni

Ikisiri

Makala hii inachunguza sababu za kihistoria zinazowafanya wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili washindwe kunufaika ipasavyo na taratibu za kisheria za kuondoa nakala haramu mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba taratibu hizo humtaka mlalamikaji athibitishe umiliki wake, ilhali historia ya uchapishaji wa Kiswahili imeuacha umiliki huo ukiwa umetawanyika. Kwa hiyo, tatizo ni la mikataba na kumbukumbu kabla ya kuwa la teknolojia.

1. Utangulizi

Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria ya hakimiliki katika zama za dijitali, inayojulikana kwa kifupi kama DMCA. Kifungu chake cha 512 kiliweka mapatano ambayo nchi nyingi zimeyafuata kwa namna mbalimbali: mtoa huduma za intaneti hatawajibika kulipa fidia kwa kazi zilizopakiwa na watumiaji wake, mradi aziondoe upesi anapopokea ilani iliyo sahihi. Afrika Mashariki nayo ilifuata. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 ina kifungu cha ilani ya uondoaji, na Kenya iliingiza utaratibu kama huo katika Sheria ya Hakimiliki kwa marekebisho ya mwaka 2019.

Kwa kuitazama juu juu, ilani ni barua fupi. Chini ya sheria ya Marekani, hutaja kazi inayolalamikiwa na mahali ilipo mtandaoni, hubeba saini, na hutamka nia njema. Hata hivyo, hudai jambo moja zito: mlalamikaji atamke, kwa kujiweka chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba yeye ndiye mwenye haki au ameidhinishwa na mwenye haki. Swali la nani mwenye kitabu haliwezi kujibiwa na fundi wa kompyuta. Hilo ni swali la historia.

2. Kunakili kama kuhifadhi

Katika mapokeo ya miswada ya pwani, kunakili hakukuwa wizi. Utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu uliishi kwa kunakiliwa. Uliokosa mnakili uliishia kuwa chakula cha mchwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, akiwemo William Hichens, na baadhi ya miswada ya mkono wake imehifadhiwa SOAS, London. Katika mapokeo hayo, mnakili alithaminiwa kwa hati na uaminifu wake. Mtunzi naye alistahili kutajwa, na wapo waliotia majina yao katika beti za kazi zao. Haki yake ilikuwa ya heshima zaidi kuliko ya mali.

Istilahi za leo zinabeba mtazamo mwingine. Neno "hakimiliki" limeunganisha haki na miliki, yaani stahiki na mali. "Uharamia" nao, uliozoeleka kwa unyang'anyi wa baharini, umepanuliwa maana hadi kumhusisha anayenakili kitabu bila idhini. Mpito kutoka heshima hadi mali uliletwa na matbaa pamoja na sheria ya kikoloni.

3. Umiliki uliotawanyika

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 ndiyo iliyoeneza hakimiliki katika himaya yake. Chini ya sheria hiyo, mwandishi aliweza kuhamisha haki zake kwa mchapishaji kwa maandishi. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilichapisha vitabu vingi vya Kiswahili kwa ajili ya nchi kadhaa kwa wakati mmoja. Baada ya uhuru, Kenya na Tanganyika, iliyokwisha kuwa sehemu ya Tanzania, ziliacha sheria ya mkoloni na kutumia sheria zao za mwaka 1966. Wakati huohuo yakazuka mashirika mapya: East African Publishing House mjini Nairobi mwaka 1965, na Tanzania Publishing House jijini Dar es Salaam mwaka 1966.

Misukosuko iliyofuata ndiyo chanzo cha utata wa sasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Bureau ikavunjika pamoja nayo. Nchini Kenya, Kenya Literature Bureau iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980 ili kuendeleza kazi hiyo upande wa Kenya. Tanzania Publishing House ilidhoofika katika msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980. Heinemann ya Kenya ikawa East African Educational Publishers mwaka 1992. Kila badiliko la aina hii liliacha swali: je, mikataba ya waandishi ilihama pamoja na rafu za vitabu? Pale faili zilipopotea, mrithi wa kampuni alibaki na kitabu mkononi bila karatasi ya kuthibitisha kuwa ni chake.

Mipaka ya kisheria imezidisha ugumu. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, mbali na ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1999. Utengano cha Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, kilichapishwa na Longman Kenya mwaka 1980 na husomwa pande zote. Kitabu cha aina hiyo kikipakiwa katika seva iliyo nje ya Afrika, mifumo minne ya sheria huweza kukutana katika ukurasa mmoja.

4. Nguvu na mipaka ya ilani

Wachapishaji wakubwa wa Ulaya waliitambua mapema faida ya kushirikiana. Chama cha wachapishaji cha Uingereza kilianzisha mwaka 2009 mfumo wa pamoja wa kutuma ilani kwa niaba ya wanachama. Mwaka 2012 muungano wa wachapishaji 17 ulipata amri za mahakama mjini Munich dhidi ya library.nu, na tovuti hiyo ikafungwa. Nguvu yao haikutokana na fedha peke yake. Walikuwa na orodha kamili za vitabu na mikataba yao.

Hali ya Afrika Mashariki ni tofauti. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, masomo yalihamia kwenye simu, na nakala za PDF za vitabu teule vya fasihi zilisambaa katika makundi ya WhatsApp na Telegram. Marekebisho ya 2019 humpa mtoa huduma saa 48 za kazi kuzuia ufikiaji wa kazi inayolalamikiwa, isipokuwa apokee ilani ya kupinga. Lakini muda huo hausaidii pale faili linapopita kutoka simu hadi simu ndani ya kundi lililofungwa. Hata Google inapoondoa kiungo katika matokeo ya utafutaji, nakala yenyewe hubaki ilipo, na faili lililofutwa leo hurudi kesho kwa jina jingine.

Anayeumia si mchapishaji peke yake. Mwandishi anayelipwa mrabaha hulipwa kwa kila nakala iliyouzwa. Nakala isiyouzwa haimpi chochote. Kwa kuwa soko la vitabu vya Kiswahili hutegemea sana shule, uharamia wa kitabu teule hugusa mapato yanayomwezesha mchapishaji kutoa riwaya au diwani isiyo ya mtaala.

5. Hatari ya kuondoa kupita kiasi

Upande wa pili wa jambo hili unawahusu watafiti moja kwa moja. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Tanzania Bara na Kenya hulinda kazi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa maandishi aliyoyachapisha akiwa hai ulikoma mwishoni mwa 2012. Kusadikika kilichapishwa na Nelson mwaka 1951, na baadaye kikatolewa upya na Mkuki na Nyota. Matini ya awali inaweza kuwa huru, ilhali utangulizi mpya, maelezo ya mhariri au picha za jalada zingali na mwenyewe. Ilani isiyotenganisha mambo hayo huondoa kilicho cha umma pamoja na kilicho cha mtu. Ndiyo maana sheria ya Kenya imefanya kutuma ilani ya uongo kuwa kosa.

Vipo pia vitabu vilivyoadimika madukani na maktabani, ambavyo mwanafunzi huvipata kwa nakala iliyopigwa skani tu. Kuiondoa nakala hiyo bila kukichapisha kitabu upya hakumrudishii mwandishi msomaji hata mmoja.

6. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba ilani ya uondoaji ni silaha ya mwenye kumbukumbu. Uchapishaji wa Kiswahili umepita katika miswada isiyo na mmiliki mmoja, mashirika ya kikoloni, jumuiya iliyovunjika na kampuni zilizobadili majina. Hakuna hatua iliyowahi kukamilisha daftari la nani mwenye nini. Kazi ya kwanza, basi, ni ya makavazi: kukusanya mikataba, kuwatafuta warithi, kutenga kazi zilizokwisha kuwa huru, na kuchapisha upya zilizoadimika. Wataalamu wa fasihi, waliozoea kufuatilia nasaba ya miswada, wana ujuzi unaohitajika hapa. Daftari hilo likikamilika, ilani moja iliyoandikwa vizuri itatosha kumlinda mwandishi, na msomaji hatanyimwa kilicho chake.